Maswali ya Wasomaji: Raha Ndogo ya Kuchonga Penseli

Katika toleo lililopita, tulipokuwa tukijibu swali kuhusu namna ya kuianza siku ya kazi bila pupa, tuligusia kwa sentensi moja tu kwamba wako watu ambao huanza kwa kuchonga penseli. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko jibu zima lililoizunguka. Tumechagua chache, tumezifupisha, na tunazijibu hapa chini. Majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Kazi yangu ni kukagua hesabu, na karibu yote naifanya kwenye kompyuta. Hata hivyo kila asubuhi, kabla sijaiwasha, huchonga penseli tatu taratibu, nikazipanga juu ya daftari, kisha nikayakusanya maranda yake kwenye karatasi na kuyatazama kidogo kabla ya kuyatupa. Huchukua kama dakika tano. Mwenzangu wa ofisini husema huo ni uvivu uliovaa joho la bidii, kwamba najifanya nimeanza kazi ilhali naikimbia. Nakiri kwamba mara nyingi penseli hizo huwa bado zina ncha nzuri ya jana. Je, mwenzangu amesema kweli?

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Mwenzako ana haki kidogo, na ni bora tuanze na hicho kidogo alicho nacho. Mtu anayeiogopa ripoti iliyo mbele yake anaweza kuchonga penseli ya nne, ya tano na ya sita, akapangusa meza, akatafuta kifutio ambacho hana haja nacho, na saa nzima ikapita akiwa na silaha zote bila vita. Hapo kuchonga kumekuwa maficho. Lakini barua yako inataja idadi: penseli tatu, dakika tano. Anayeikimbia kazi hahesabu. Wewe unahesabu, na baada ya penseli ya tatu kompyuta inawashwa. Kwa maoni yetu, tofauti yote iko hapo.

Sasa tuulize kwa nini dakika hizo zinakutuliza, maana hilo ndilo swali lililojificha nyuma ya swali lako. Kiswahili chenyewe kina dokezo. Kisu tunakinoa, shoka tunalinoa, lakini penseli tunaichonga, kwa kitenzi kile kile tunachokitumia kwa mwiko, kinyago na mtumbwi. Kunoa ni kukirudishia chombo ukali wake uliopotea. Kuchonga ni kuondoa kilichozidi hadi umbo lililokuwa ndani lijitokeze. Kwa hiyo kila asubuhi, ndani ya sentimita mbili tu za mbao, unafanya kazi ya mchongaji, na una bahati ambayo yeye hana, kwa sababu umbo unalolitafuta linajulikana tangu mwanzo na ni nadra sana ulikose. Kazi nyingine za siku yako hazina sifa hiyo. Hesabu uliyoikagua leo inaweza kurudi kesho ikiwa na kasoro, barua uliyoijibu inazaa barua mbili, na jioni ukiulizwa umefanya nini huna cha kuonyesha kwa kidole. Penseli ina mwanzo na ina mwisho, na ushahidi wake umelala juu ya karatasi: utepe mwembamba wa mbao wenye ukingo wa rangi. Hatushangai kwamba huyatazama maranda kabla ya kuyatupa.

Wengi hudhani kwamba kuchonga hutuliza kwa sababu hakuhitaji fikra. Jaribu kuchonga huku unazozana na mtu kwenye simu, nawe utaiona ncha ikivunjika. Ukweli ni kwamba kazi hii inataka usikivu, ila inautaka kwa kipimo kidogo. Penseli ikiwa butu, wembe wa kichongeo hukwaruza kwa sauti nzito na mkono huhisi ubishi wa mbao. Kadiri koni inavyokamilika ndivyo sauti inavyopungua na utepe unavyotoka bila kukatika, na mwishoni vidole huhisi ulaini wa ghafla, kwa sababu sasa wembe unagusa grafiti, yaani kile kijiti cheusi cha ndani, ambayo ni laini na ina utelezi. Ukizungusha mara moja au mbili zaidi, ncha inakamilika. Ukizidisha hapo, ama unaila penseli bure ama ncha inakuwa nyembamba hata kuvunjika kwenye neno la kwanza. Fikra imepewa kitu kidogo cha kushika, chepesi kiasi cha kutochosha, lakini chenye kudai kiasi cha kuunyima wasiwasi mahali pa kukaa. Pumzi nayo hufuata mkono. Jiangalie kesho: huenda ukagundua kwamba unaitoa polepole wakati utepe unatoka.

Kuhusu zile penseli zenye ncha ya jana, hapo tunapingana nawe. Kuna mazoea na kuna ada. Mazoea hujifanya yenyewe huku akili iko kwingine, na ada hufanywa kwa kujua. Lakini ada isiyokuwa na haja yoyote nyuma yake hukauka upesi, na siku moja utajikuta unazungusha penseli kama mtu anayekuna mahali pasipowasha. Usichonge penseli iliyo kali. Badala yake zitumie. Jioni, kabla ya kuondoka, andika kwa mkono mambo matatu au manne yanayokungoja kesho, na katikati ya siku fanya hesabu zako za majaribio kwenye karatasi badala ya kuziandika kwenye skrini. Asubuhi zitakungoja zikiwa butu kweli, na hata mwenzako hatakuwa na la kusema, maana aliyechonga chombo anachokwenda kukitumia hawezi kuitwa mvivu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nimekua nikiiita penseli kalamu ya risasi. Binti yangu ananikataza kuinusa penseli iliyochongwa na kupuliza vumbi lake, kwa madai kwamba risasi ni sumu. Harufu hiyo ndiyo nusu ya raha yangu. Niiache?

JIBU: Mzee wetu, endelea kunusa. Binti yako ana haki kuhusu risasi, ambayo ni sumu kweli, lakini ndani ya penseli yako haimo. Jina kalamu ya risasi limebeba kosa la zamani ambalo lugha nyingi zimelirithi. Waandishi wa kale wa Ulaya walitumia vipande vya risasi halisi kuchora mistari hafifu ya kuongozea maandishi, na katika karne ya 16, madini meusi yalipoanza kuchimbwa huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu waliyaona yanaacha alama nyeusi zaidi kuliko risasi wakadhani ni aina nyingine ya metali hiyo hiyo. Madini hayo yalikuwa safi na mazito kiasi cha kuweza kukatwa kwa msumeno kuwa vijiti. Mwaka 1565 mtaalamu wa viumbe na mawe, Conrad Gesner wa Uswisi, alichapisha mchoro wa chombo cha kuandikia chenye kijiti cha namna hiyo ndani ya mpini wa mbao. Ilibidi ipite miaka zaidi ya 200 ndipo mwanakemia Carl Wilhelm Scheele aonyeshe, mwaka 1779, kwamba kitu hicho ni kaboni, yaani ndugu wa makaa na wa almasi. Miaka 10 baadaye Abraham Gottlob Werner alikipa jina la grafiti, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuandika.

Penseli ya leo haina hata grafiti tupu. Mwaka 1795, wakati vita vilipokuwa vimeifungia Ufaransa njia ya kupata grafiti ya Uingereza, Nicolas-Jacques Conté alipata hataza, yaani haki rasmi ya mvumbuzi, ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi na kuuoka katika tanuri. Udongo ukizidi, kijiti kinakuwa kigumu na mwandiko hafifu. Grafiti ikizidi, kinakuwa laini na cheusi. Herufi unazoziona ubavuni mwa penseli zinatokana na kipimo hicho: H ni kwa ugumu, B ni kwa weusi, na HB iko katikati. Kwa hiyo unaponusa, unanusa ufinyanzi na useremala kwa pamoja, ingawa harufu yenyewe inatoka kwenye mbao. Mbao zilizosifika zaidi ni za jamii ya mwerezi na mreteni, ambazo nyuzi zake zimenyooka, hukatika kirahisi bila kupasuka, na zina mafuta yenye harufu. Kwanza ulitumika mreteni mwekundu wa mashariki mwa Marekani, na ulipoadimika viwanda vikahamia kwenye mwerezi wa magharibi mwa nchi hiyo. Mtarakwa, ambao baadhi ya wasomaji wetu wanaujua kama mti wa nguzo, nao umewahi kukatwa kwa ajili ya penseli. Penseli ikichongwa na isitoe harufu yoyote, basi imetengenezwa kwa mbao nyingine laini au kwa plastiki.

Hata hivyo ushauri wa binti yako una sehemu moja ya kuizingatia. Usilipulize vumbi kuelekea usoni, kwa kuwa vumbi lolote laini huwasha macho na kifua, na usiliache limwagike kwenye kibodi wala karibu na soketi, kwa sababu grafiti hupitisha umeme. Ligonge kwenye kikapu cha taka, kisha unuse kwa amani.

SWALI: Mhariri mpendwa, kisu au kichongeo? Mimi hujifunza kuchora na mwalimu wangu anasisitiza kisu. Naona ni maringo ya wasanii.

JIBU: Kuna maringo ndani yake, hatukatai, lakini kuna sababu pia. Kichongeo cha mkononi huitoa kila penseli katika koni ile ile, kwa mshazari ule ule, kwa kuwa wembe wake umefungwa kwa skrubu na hauwezi kugeuka. Kwa mwandishi hilo ni jema. Mchoraji lakini huhitaji wakati mwingine kuilaza penseli na kutia kivuli kwa ubavu wa grafiti, na kichongeo humwachia milimita chache tu za ubavu huo. Kisu humpa urefu anaoutaka. Isitoshe, penseli laini sana, kama za 6B au 8B, huvunjika ovyo ndani ya kichongeo kwa sababu kijiti chake kinasokotwa wakati wa kukatwa, kisu hakisokoti.

Usisahau pia kwamba kisu ndicho kilichotangulia. Tangu zama za mchoro wa Gesner hadi mwaka 1828, ambapo mwanahisabati Mfaransa Bernard Lassimonne aliomba hataza ya kifaa cha kuchongea, penseli zilichongwa kwa visu vidogo, vile vile vilivyotumika kuchonga kalamu za manyoya ya ndege. Kifaa chenyewe kilikawia kupendwa, na Mfaransa mwingine, Therry des Estwaux, alihitajika mwaka 1847 ili kukipa umbo la tundu la koni tunalolijua.

Namna ya kukitumia kisu ni hii, na tunaieleza kwa urefu kwa sababu karibu kila anayejikata amekosea hatua moja. Kisu kiwe kikali, maana kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza. Ishike penseli kwa mkono usioandikia, ncha ikielekea mbali na mwili wako. Mkono wa pili unakishika kisu juu ya mbao, makali yakielekea nje, lakini haukisukumi. Kinachokisukuma ni dole gumba la mkono ulioshika penseli, likiwa limekaa juu ya mgongo wa kisu. Kwa hiyo kisu hakiwezi kwenda mbali kuliko urefu wa dole gumba. Ondoa mbao kwa vipande vyembamba, geuza penseli kidogo baada ya kila kipande, na usijaribu kuimaliza upande mmoja kwanza. Penseli yenye pembe sita inakusaidia hapa, kwa kuwa kila ubapa ni zamu yake. Ukishaiacha wazi grafiti kama milimita 6 au 8, weka kisu chini na umalizie kwa msasa: laza grafiti juu yake, izungushe huku ukiivuta, mpaka ncha ipatikane. Neno msasa lenyewe, kama unavyojua, ni jina la mti ambao majani yake makavu na makwaruzo yalisugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani, na tunakiri kwamba kulikumbuka hilo wakati wa kuchonga kunatupa furaha isiyo na faida yoyote.

Kwa ajili ya utulivu, sisi tungechagua kisu siku ambayo tuna nafasi, na kichongeo siku nyingine zote. Kisu kinataka dakika nne au tano kwa penseli moja, na mtu mwenye haraka akikishika atapata hasara mbili, ya penseli na ya kidole. Wembe mtupu wa kunyolea usiutumie kamwe, hata kama umezoea. Hauna mpini, hauna mgongo wa kukalisha dole gumba, na hupinda pale unapotegemea usipinde.

SWALI: Ndugu Mhariri, mnaisifu raha hii, lakini mimi kila nikichonga ncha inavunjika, nachonga tena inavunjika tena, mpaka penseli inaisha na hasira imenipanda. Utulivu uko wapi?

JIBU: Pole sana. Yapo makosa ambayo si yako. Itazame penseli kwa upande wa nyuma: kama kijiti hakiko katikati kabisa ya mbao, basi koni itakuwa na mbao nyingi upande mmoja na chache upande wa pili, na ncha itakosa pa kuegemea. Hakuna mkono unaoweza kuirekebisha penseli hiyo. Iache kwa ajili ya kuwekea alama mbao za seremala.

Sababu ya pili ni kuanguka. Penseli hutengenezwa kwa vibao viwili vyenye mifereji; kijiti hulazwa kwenye mfereji wa kibao cha chini, kibao cha juu hugundishwa juu yake, kisha penseli hukatwa moja moja. Kijiti kimekumbatiwa na mbao lakini kimeokwa kama chungu, na kama chungu kinavunjika kikigonga sakafu, hata pale ambapo mbao haina alama yoyote. Ndiyo maana ncha hutoka nzima ikadondoka pale pale: ilikuwa imekwisha kukatika ndani. Endelea kuchonga taratibu hadi uvuke mahali palipokatika, na kuanzia hapo usiziache penseli pembezoni mwa meza.

Sababu ya tatu, na kwa uzoefu wetu ndiyo inayoongoza, ni wembe wa kichongeo. Watu hubadilisha penseli kila mwezi na kuishi na kichongeo kimoja miaka kumi. Wembe uliochoka haukati mbao, unaing'oa. Dalili yake ni maranda kutoka kama unga au vipande vilivyochanika badala ya utepe. Fungua skrubu, badilisha wembe kama kuna wa akiba, au nunua kichongeo kingine. Ikiwa ulichonga penseli za rangi, huenda wembe hauna kosa ila umepakwa nta iliyomo ndani ya penseli hizo. Futa kwa kijiti chembamba, kisha chonga penseli ya kawaida mara moja ili kuusafisha.

Halafu punguza nguvu. Mwanzoni sukuma kidogo, katikati usisukume, na mizunguko miwili ya mwisho iache penseli ijizungushe karibu bila uzito wa mkono. Hasira inayokupanda inaingia kwenye vidole kabla haijafika kinywani, na ncha huijua mapema kuliko wewe.

SWALI: Mhariri, mwanangu wa miaka minane hupenda kuchonga kuliko kuandika. Penseli mpya huimaliza kwa siku mbili. Nimgombeze?

JIBU: Mama, fanya hesabu naye kwanza. Penseli mpya ina urefu wa takriban sentimita 18. Tuseme kwamba kila anapochonga anaondoa milimita 3, na kwamba kipande cha mwisho cha sentimita 6 hakishikiki vizuri. Zimebaki sentimita 12 za kuchongwa, yaani mara 40. Mwambie hizo 40 ni zake, na kila mara moja anayochonga bila kuandika ameitoa katika hazina hiyo. Watoto wengi hawajui kwamba penseli inafupika. Wanajua tu kwamba utepe unatoka.

Baada ya hapo mpe kazi rasmi. Kusanya penseli zote butu za nyumbani, zako, za baba yake na za ndugu zake, uziweke kwenye kopo, na umteue yeye kuwa mchongaji wa kopo hilo kila mwisho wa juma. Raha yake haina ubaya. Imekosa tu penseli za kutosha. Usimpe kisu kwa umri huo, na umfundishe kukaa anapochonga, asitembee na penseli kali mkononi. Maranda yanayotoka mazima kama feni anaweza kuyagundisha kwenye karatasi yakawa sketi, mabawa au magamba ya samaki.

Kwa pembeni tu: usishangae mtoto akikuuliza kwa nini kichongeo na mchongezi yanafanana. Maneno hayo mawili yametoka katika shina moja, ingawa cha kwanza hutoa ncha na wa pili hutoa siri za watu.

SWALI: Vipande vifupi vya penseli nivifanyeje? Naona uchungu kuvitupa.

JIBU: Upo mpini maalumu wenye mdomo wa chuma ambao kipande huchomekwa ndani yake na kubanwa kwa pete, wachoraji huutumia sana. Ukiukosa, viringisha karatasi ngumu juu ya kipande na uigundishe. Kipande kilichobaki na sentimita mbili kitupe. Kimemaliza kazi.

SWALI: Mhariri, nina miaka 74 na mikono yangu hutetemeka. Nilikuwa nikichonga penseli kila jioni kabla ya kujaza mafumbo ya maneno, na jambo hilo lilikuwa likinifunga siku vizuri. Sasa nashindwa kuilenga penseli kwenye tundu, na mjukuu wangu amenipa kalamu ya wino. Sitaki kalamu ya wino.

JIBU: Shikamoo mzee. Hatutakushauri uizoee kalamu ya wino. Kinachokushinda ni kushika vitu viwili vidogo kwa wakati mmoja, mkono mmoja ukifukuzana na mwingine, na tatizo hilo lina dawa ya zamani: kichongeo cha mpini, kile kinachofungwa kwenye ukingo wa meza au ukutani. Mwaka 1897 seremala mmoja Mmarekani mweusi, John Lee Love wa Fall River, Massachusetts, alipata hataza ya kichongeo kidogo cha kuzungusha kwa mpini chenye nafasi ya kupokea maranda, na vya mezani vilivyofuata vimeendelea kuboreshwa tangu hapo. Katika vile vizuri, penseli hushikwa na chombo chenyewe, na ndani yake mna mitarimbo miwili midogo yenye meno inayoizunguka. Mkono wako mmoja hauna la kufanya ila kutulia juu ya meza. Mwingine unazungusha duara kubwa, na mtetemo wa vidole hupotea ndani ya duara hilo kwa sababu bega na kiwiko ndivyo vinavyofanya kazi.

Mwombe mjukuu akifunge kwa skrubu na wala asikishikize kwa gundi, kwa kuwa kikitikisika utarudi pale pale. Chagua penseli nene kidogo, zenye pembe tatu ukizipata, maana hukaa vizuri mkononi hata wakati wa kuandika. Kwa mafumbo ya maneno tungependekeza HB au B, ili usilazimike kukandamiza. Kisha jioni zungusha mpini polepole kuliko unavyohitajika. Mwanzoni utauhisi mzito na wenye kukwaruza, na ncha inapokamilika utakuwa mwepesi ghafla mkononi mwako, kwa sababu meno hayana tena mbao ya kukata. Hapo acha, vuta penseli, na uligonge kopo la maranda kabla halijajaa.